Siri ya Mtungi: Je, Sarufi Yaweza Kulinda Ujumbe wa Kompyuta?

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa mtu wa ndani ndiye ayajuaye mambo ya ndani, na fasiri hiyo yatosha kwa mtihani. Hata hivyo, ukiitazama kwa jicho la mlinzi badala ya jicho la mdaku, utaona kwamba imebeba swali. Ikiwa kata ndiyo iijuayo siri ya mtungi, basi atakaye kuihifadhi siri hiyo hana budi kuichunguza kata yenyewe: huteka nini, hupita wapi, na humimina katika chombo gani. Swali hilo ndilo ambalo wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakilishughulikia tangu miaka ya sabini ya karne iliyopita, walipoanza kutafuta njia za kupeleka ujumbe wa siri kupitia waya ambao yeyote anaweza kuusikiliza. Jibu mojawapo walilolipata, nami naliona kuwa bora kuliko mengi, ni kwamba siri inaweza kulindwa kwa upatanisho wa kisarufi.

Nilipoitaja mada hii mbele ya wenzangu wa uzamili, mmoja aliniuliza iwapo nimehamia idara nyingine. Wa pili, kwa upole zaidi, alisema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kulieleza jambo hilo, na kwamba hata kikipewa maneno hayo hakuna atakayefaidika. Makala haya ni jibu langu kwao wote wawili. Ninashikilia kwamba neno kuu la taaluma hii tunalo, tena tumelizoea hata tumelichoka: ni ngeli. Ninashikilia pia kwamba sisi tuliokesha tukibishana juu ya nomino na viambishi vyake tuna kipimo cha kuipimia taaluma hii, uzuri wake na upungufu wake, ambacho baadhi ya walioibuni walilazimika kukitafuta mbali.

Kabla ya kompyuta, Waswahili walikuwa na njia zao za kuficha maneno. Katika kinyume, silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo, hivyo kitabu kikawa bukita na siri ikawa risi. Askofu Edward Steere, aliyeandika mwongozo wa Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, alikigusia kinyume katika kitabu chake. Ni mchezo mtamu, lakini ni kinga dhaifu, kwani aijuaye mbinu ameijua siri. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba chombo cha kuandikia siri kisilete madhara hata kikiangukia mikononi mwa adui; kinachopaswa kufichwa ni ufunguo. Fumbo la kishairi linaikaribia zaidi kanuni hiyo. Maneno ya fumbo husikiwa na wote waliohudhuria ngoma, ufundi wa kufumba unajulikana na kila malenga, na bado asiye na ufunguo, yaani ile habari ya faragha baina ya mfumbaji na mfumbiwa, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Usimbaji fiche wa leo hufanya kazi hiyo kwa hesabu. Ujumbe hufungwa kwa ufunguo, husafiri ukiwa umefungwa, kisha hufunguliwa na anayestahili. Kufunga ujumbe mmoja si kazi ngumu. Ugumu umo katika mazungumzo. Watu wawili wasiowahi kuonana, tuwaite Amina na Bakari, watapatanaje juu ya siri watakayoitumia, kila mmoja akiwa na yakini kuwa anazungumza na mwenzake wala si mtu mwingine? Utaratibu wa mazungumzo hayo, nani aanze, aseme nini, afunge kwa ufunguo gani, ndio uitwao itifaki. Danny Dolev na Andrew Yao, katika makala yao ya mwaka 1983, walipendekeza tumchukulie adui kuwa ndiye mwenye njia yote: husikia kila ujumbe, huuzuia, huugeuza, huurudia, na hutunga wake. Asiloliweza ni moja tu, nalo ni kufungua kilichofungwa bila kuwa na ufunguo. Adui huyu tumwite Jasusi.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa taaluma hii hukutana nao ni itifaki iliyochapishwa na Roger Needham na Michael Schroeder mwaka 1978. Humo kila mtu ana funguo mbili: mmoja wa hadharani, ambao yeyote anaweza kuutumia kumfungia ujumbe, na mwingine wa faragha, ambao mwenyewe huutumia kufungulia. Amina hubuni nambari ya mara moja, isiyopata kutumiwa wala isiyoweza kukisiwa, akaifunga pamoja na jina lake kwa ufunguo wa hadharani wa Bakari. Bakari hufungua, hubuni nambari yake mwenyewe, na kuzifunga nambari zote mbili kwa ufunguo wa Amina. Amina akiiona nambari yake imerudi, huamini kwamba anayejibu ni yule aliyemwandikia, maana hakuna mwingine ambaye angeweza kuufungua ujumbe wa kwanza. Mwisho huirudisha nambari ya Bakari ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa Bakari. Ni hatua tatu tu, na tangu hapo nambari hizo mbili zinaweza kutumiwa kama siri ya pamoja. Msomaji mpendwa, hebu zirudie hatua hizo polepole uone kama utaliona kosa.

Kosa lilifichuliwa na Gavin Lowe mwaka 1995, miaka 17 baadaye. Chukulia kwamba Amina ameanzisha mazungumzo halali na Jasusi, labda kwa sababu Jasusi ana duka na Amina ni mteja wake. Anamtumia nambari yake na jina lake, vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa Jasusi. Jasusi anafungua, anavifunga upya vitu vile vile kwa ufunguo wa Bakari, na kumpelekea Bakari kana kwamba vimetoka kwa Amina. Bakari, bila hiana, anajibu kwa nambari mbili zilizofungwa kwa ufunguo wa Amina. Jasusi hawezi kuufungua ujumbe huo, wala hana haja. Anaupitisha tu hadi kwa Amina. Amina anaiona nambari yake, anadhani jibu limetoka kwa Jasusi kama alivyotarajia, anaitoa nambari ya pili na kuirudisha ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa Jasusi. Kwa mkono wake mwenyewe Amina amemfungulia Jasusi siri ya Bakari. Sasa Jasusi anaikamilisha hatua ya tatu kwa Bakari, na Bakari analala usingizi mnono akiamini kwamba ameshazungumza na Amina.

Kinachonishangaza mimi kama mwanafunzi wa fasihi ni kwamba katika kisa hiki hakuna kufuli iliyovunjwa wala mhusika mwema aliyekiuka utaratibu. Kila usemi, ukiutazama peke yake, uko sawa. Ni masimulizi yote kwa pamoja yaliyopotoka. Itifaki hii ilisomwa na kunukuliwa na watu mahiri kwa miaka hiyo yote 17, na macho yao hayakuona. Hapo ndipo ninapopata hoja yangu ya kwanza: katika mambo ya siri, kusoma kwa makini na kuaminiana kwa wataalamu hakutoshi. Inahitajika kanuni ambayo hata mtu asiye na kipaji, au mashine isiyo na akili, inaweza kuifuata neno kwa neno na kutoa hukumu.

Sisi kanuni za namna hiyo tunazijua. Mtu akisema "kiti umevunjika", hatuhitaji kwenda sebuleni kukiangalia kiti. Tunajua kosa limo katika sentensi kabla ya kujua lolote kuhusu ulimwengu. Ngeli ya nomino inaamuru umbo la kitenzi, la kivumishi na la kiwakilishi, na yote huhakikiwa kwa kuitazama sentensi tu. Lugha za kompyuta nazo zina mpango wa aina hiyo, ambao wenyewe huuita taipu: kila kitu katika programu hupewa kundi, na kila tendo hueleza linakubali vitu vya kundi gani. Mhakiki wa kimashine huipitia programu kabla haijaendeshwa, na akikuta nambari imejumlishwa na jina la mtu huikataa papo hapo, kama mwalimu wa sarufi mwenye kalamu nyekundu.

Mwaka 1997 Martín Abadi, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, alitoa makala iliyoupeleka mpango huo mahali ambapo haukuwa umezoeleka. Toleo lake kamili lilichapishwa mwaka 1999. Alipendekeza ngeli tatu ambazo hazigawi vitu kwa umbo bali kwa anayeruhusiwa kuvijua. Ya kwanza tuiite ngeli ya WAZI: vitu ambavyo hata Jasusi akivipata si neno. Ya pili ni ngeli ya SIRI. Ya tatu ni ya vitu ambavyo hatuna hakika navyo, vinavyoweza kuwa vya ngeli yoyote kati ya hizo mbili. Hii tuiite CHOCHOTE, ingawa jina hilo lina kasoro nitakayoieleza baadaye. Kanuni kuu ni nyepesi: katika njia ya hadharani pasipite ila kitu cha ngeli ya WAZI. Kitu cha CHOCHOTE hushikwa kwa tahadhari ya pande zote: hakipelekwi hadharani, kwa kuwa huenda ni siri, wala hakitumiwi kufungia siri, kwa kuwa huenda adui anacho.

Je, siri itasafiri vipi basi, ikiwa njia zote ni za hadharani? Hapa ndipo penye utamu. Siri ikifungwa kwa ufunguo wa ngeli ya SIRI, kile kifurushi kinachopatikana huhamia ngeli ya WAZI. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulielewa hili kuliko anavyodhani. Mtoto yumo katika ngeli ya A-WA, naye analia. Mwite kitoto na tayari amehamia KI-VI, nacho kinalia; mwite toto na limehamia LI-YA, nalo linalia. Mzizi ni ule ule, lakini kiambishi kimeubadilishia ngeli na kwa hiyo kimebadilisha mahali pote pa upatanisho. Kusimba ujumbe ni kuuambika. Kuufungua ni kukivua kiambishi na kuurudisha mzizi katika ngeli yake ya awali, pamoja na masharti yake yote. Abadi aliongeza kwamba ndani ya kifurushi kila sehemu iwe na nafasi yake maalumu, ya siri hapa na ya wazi pale, ili afunguaye asibahatishe ngeli ya alichokikuta. Aliongeza pia kuwa kila kifurushi kitiwe nambari mpya ya kuchanganyia, ili Jasusi asiweze kuona kwamba ujumbe wa leo ni sawa na ule wa jana.

Kanuni hazikuishia hapo. Zinadhibiti hata maswali. Programu inayosema "ikiwa ile siri ni sawa na 7, tuma salamu, la sivyo nyamaza" haijatuma siri popote, lakini anayesikiliza nje ataijua kutokana na ukimya. Kwa hiyo programu hairuhusiwi kuilinganisha thamani inayokingwa kwa namna ambayo tabia yake ya nje itabadilika. Aliyelelewa katika jamii ambamo ukimya wa mkwe ni hotuba nzima hahitaji kuelezwa zaidi. Na ahadi inayotolewa mwishoni ni kubwa: programu ikipita mtihani huu, basi Jasusi hataweza hata kutofautisha kati ya mazungumzo yaliyobeba siri moja na mazungumzo yale yale yaliyobeba siri nyingine.

Liko jambo moja hapa ambalo wengi hulipita haraka, nami naona ndilo fahari ya kazi hii. Jasusi hafuati sarufi. Hakuna anayemlazimisha adui aandike programu yenye upatanisho. Atasema "kiti umevunjika" mchana kutwa akitaka. Sarufi ya Abadi haimtaki awe mwema. Inawataka Amina na Bakari pekee wazungumze kwa usahihi, kisha inathibitisha kwamba usahihi wao wawatosha, hata ulimwengu mzima uwazunguke ukiropoka. Wengi wetu tunaofundisha sarufi tumeshindwa kuwapa wanafunzi sababu nzuri namna hiyo ya kusema sanifu.

Turudi sasa kwa Amina na duka la Jasusi. Kanuni za mwaka 1997 zilihusu ufunguo mmoja ambao watu wawili wanaushiriki. Mwaka 2001 Abadi na Bruno Blanchet walizipanua zifikie mazungumzo yenye funguo za hadharani na za faragha. Ukiwa na sarufi ya namna hiyo, ikague hatua ya tatu. Amina amepokea nambari ya pili na anatakiwa kuirudisha. Nambari hiyo ni ya ngeli gani? Ikiwa anazungumza na Bakari, ni ya SIRI. Ikiwa anazungumza na Jasusi, lazima iwe ya WAZI, kwa kuwa kinachofungwa kwa ufunguo wa Jasusi ni sawa na kilichotangazwa sokoni. Lakini ujumbe alioupokea hauna alama yoyote ya kumwonyesha umetoka kwa nani. Nafasi ile ile, katika umbo lile lile la ujumbe, inadai ngeli mbili kwa wakati mmoja. Mhakiki hukwama papo hapo na kuikataa itifaki. Hajui kisa cha Jasusi na duka lake, wala hahitaji kukijua. Ameona tu kwamba sentensi haipatani. Dawa ambayo Lowe aliipendekeza ilikuwa kuongeza jina la Bakari katika ujumbe wa pili. Jina hilo moja, likikaa pale, hufanya kazi ya kiambishi ngeli: Amina akiliona anajua nambari iliyoandamana nalo ni ya ngeli gani, na akilikuta halilingani na mtu anayezungumza naye, anaacha.

Mfano mwingine unaonifurahisha ni wa vitu vinavyofanana kwa umbo. Kiboko ni mnyama na kiboko ni fimbo ya kuchapia. Neno likiwa peke yake huwezi kujua. "Kiboko ameingia" na "kiboko kimekatika" ndipo upatanisho unapotutoa gizani. Katika waya wa kompyuta maneno yote ni kiboko. Jina, nambari na ufunguo, vyote ni mfuatano wa sufuri na moja. Itifaki ya Otway na Rees ya mwaka 1987 ilikuja kugunduliwa kuwa na udhaifu wa namna hii hasa: Jasusi anaweza kumrudishia Amina vipande vya ujumbe wake mwenyewe, vyenye majina na nambari za hadharani, naye akavipokea akidhani ni ufunguo mpya alioletewa. Ameletewa mnyama akamshika kama fimbo. James Heather, Gavin Lowe na Steve Schneider walionyesha mwaka 2000 kwamba hatari ya aina hii huzuilika iwapo kila kipande cha ujumbe kitabandikwa alama ya kundi lake. Wabantu wamekuwa wakizibandika nomino zao alama hizo tangu zamani ambazo hakuna mwenye tarehe yake.

Upo upinzani wa haki ambao sitaki kuukwepa. Wanaopinga njia hii husema kwamba ni kali mno, kwa kuwa huzikataa hata itifaki ambazo kwa kweli hazina kosa. Ni kweli. Sarufi yoyote itakayoweza kuhakikiwa na mashine itawaonea baadhi ya wasio na hatia, na hili si uvivu wa waliozitunga. Mwaka 1999 Durgin, Lincoln, Mitchell na Scedrov walithibitisha kwamba hapawezi kuwapo mbinu moja ya kimashine itakayotoa jibu sahihi kwa kila itifaki, ikiwa idadi ya mazungumzo haina kikomo. Kwa hiyo tunachagua kati ya mapungufu. Njia ya upekuzi, kama ile ambayo Lowe aliitumia mwaka 1996 kwa msaada wa programu iitwayo FDR, huwajaribu watu wachache katika mazungumzo machache na hufichua kosa kwa mfano dhahiri. Lakini upekuzi wa namna hiyo usipoona kosa, umethibitisha tu usalama wa yale machache yaliyojaribiwa. Ili kuyafikia mengine, Lowe alilazimika kuongeza hoja yake ya kimaandishi. Njia ya ngeli hukataa zaidi ya inavyostahili, ila ikikubali imekubali kwa mazungumzo yasiyo na idadi. Mimi nikiwa na fedha au barua ya kupeleka, nitamchagua mlinzi anayemzuia mgeni mwema mlangoni kuliko yule ambaye siku moja atampisha mwizi kwa bashasha. Mwenzangu anayependelea wepesi wa kupita na afikirie tena ile miaka 17.

Upungufu ambao naona ni mzito zaidi ni mwingine. Sarufi huhakiki kilichoandikwa, nacho kilichoandikwa katika makala ya kitaaluma si kile kinachoendeshwa katika kompyuta. Kosa lililoitwa Heartbleed, lililotangazwa mwaka 2014, halikuwa katika itifaki bali katika programu ya OpenSSL iliyoitekeleza: mtu wa nje aliweza kudai arudishiwe herufi nyingi kuliko alizotuma, na mashine ikamchotea za ziada kutoka katika kumbukumbu yake, siri zikiwemo. Kata ilikuwa imepimwa vizuri kwenye karatasi, ila mtungi ulikuwa na ufa. Jibu la watafiti limekuwa kuishusha sarufi kutoka katika karatasi hadi katika programu yenyewe. Mwaka 2013 kundi la watafiti, wakiwemo wa Microsoft na wa taasisi ya Inria ya Ufaransa, walitoa miTLS, utekelezaji wa itifaki inayolinda kurasa za mtandao, ambao usalama wake ulithibitishwa kwa njia hii ya ngeli. Mwaka 2017 kivinjari cha Firefox kilianza kutumia sehemu za maktaba ya HACL*, iliyoandikwa katika lugha iitwayo F*. Humo nambari za siri zina ngeli yake ya pekee, na programu hairuhusiwi kuchepuka njia kwa kuzitegemea, ili hata muda ambao mashine inautumia usimnong'onezee Jasusi chochote. Kanuni ile ya ukimya wa mkwe sasa imefika kwenye saa.

Kuna ufa mmoja ambao hakuna ngeli itakayouziba. Mhakiki huuliza kama kilichotangazwa kuwa SIRI kimebaki siri. Hamuulizi mwandishi kwa nini jambo fulani hakulitangaza kuwa SIRI tangu mwanzo. Kenya tangu mwaka 2007, ilipoanza M-Pesa, maneno "nambari ya siri" yametamkwa na watu wa kila tabaka, na sidhani kama kuna nomino ya kitaaluma iliyosambaa kwa kasi namna hiyo. Ila kila mtu akiulizwa siri yake hasa ni ipi, mmoja atataja nambari hiyo, mwingine salio lake, mwingine jina la aliyemtumia fedha usiku. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, ambayo inajaribu kuliamua suala hilo kwa lugha ya mawakili. Kuligawa neno moja katika maana zake, siri, faragha, aibu, amana, ni kazi ambayo mwanahesabu hawezi kuifanya peke yake, na ni kazi tuliyosomea. Ndiyo sababu swali la yule mwenzangu wa kwanza, kama nimehama idara, siliafiki. Idara hii ndiyo yenye orodha ya maneno ambayo mhakiki anayangoja.

Limebaki suala la istilahi, na hapa nawaomba wahadhiri wetu wanivumilie. Wapo wanaopendelea kuyaita makundi haya "aina". Mimi naona neno hilo ni jepesi. Aina ni mgawo tu. Naweza kuzigawa embe zangu katika aina tatu na hakuna kitenzi kitakachobadilika. Ngeli ni mgawo unaoamuru: ukiiweka nomino katika ngeli, umeyafunga maneno yote yanayoizunguka. Hicho ndicho hasa kinachofanyika katika taaluma hii, na neno "aina" linakificha. Nakiri kwamba ngeli za lugha zimerithiwa ilhali hizi zimebuniwa, na kwamba hakuna mama anayemfundisha mwanawe ngeli ya WAZI. Tofauti hiyo hainitishi. Istilahi nyingi tunazozitumia leo katika sarufi zilianza kwa kuazimwa vivyo hivyo.

Kinachonitatiza ni ile ngeli ya tatu. Kiingereza kina neno la kutaja kitu usichokijua kundi lake bila kulitaja kundi lenyewe. Sisi hatuna. Mzizi upo, lakini hausimami peke yake: ni yeyote, lolote, chochote, wowote, popote, na kila mara umeshachagua ngeli kabla hujakiri kwamba huijui. Nimeandika CHOCHOTE kwa sababu kitu ni cha KI-VI. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliyeisoma rasimu hii alinihoji: kama huyo asiyejulikana ni mtu, jina la Amina kwa mfano, mbona nimemweka katika KI-VI? Sikuwa na jibu, na hadi ninapoyatoa makala haya kwa mhariri, bado sina.